Daftari Lisilo na Majina

Kwanza ujue kwamba Bi Futi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, kwa sababu ya ule utepe wa kupimia, futi, unaoning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, hata akienda sokoni, hata akienda kuzika. Siku moja aliingia nao benki, mlinzi akamwuliza kama amekuja kupima jengo. Akamjibu kwamba jengo halina kiuno. Ndivyo alivyo, maneno anayo, lakini ni ya mambo yasiyomhusu mtu. Ya mtu, hata umbane na mlango, hasemi.

Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bluu, kati ya muuza vipuri vya baiskeli na duka la dawa. Ndani mna cherehani mbili, meza ya kukatia yenye makovu ya mkasi, pasi, kioo kirefu kilichopasuka kona ya chini, na pazia zito la kijani linaloziba pembe moja. Nyuma ya pazia hilo, penye kijimeza na kioo kingine, ndiko anakopimia watu. Mafundi wengine hupimia mlangoni, wa kusikia na asikie. Bi Futi hapimi mtu nje ya pazia, labda nyumba iwe inaungua.

Na namba hazitaji. Anazungusha futi, anatazama, ananyamaza, anaandika kwa penseli huku kiganja kimefunika karatasi. Mteja mwenyewe akitaka kujua, ataonyeshwa. Asipotaka, ataondoka kama alivyokuja. Ukimwuliza, "Bi Futi, hivi yule shangazi yangu siku hizi kiuno kimefika ngapi?" atakujibu, "Shangazi yako ana mdomo, kamwulize."

Usidhani ni maringo ya kazi. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mama yake alimpeleka kwa fundi kushonewa sare ya shule. Fundi yule alikuwa na sauti ya kunadia samaki, na mkewe ndiye aliyekuwa akiandika, ameketi upande wa pili wa chumba. Fundi akazungusha futi, akapaza sauti: "Nyonga arobaini na mbili!" Mlangoni walikuwa wamesimama wenzake wa darasa wakisubiri zamu. Basi likawa ndilo jina lake. Arobaini na Mbili, njoo hapa. Arobaini na Mbili, kalia benchi lako peke yako. Aliitwa hivyo miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyewakataza, maana namba si tusi. Wala hawakumsingizia, na ndicho kilichomwuma zaidi. Ilikuwa namba yake ya kweli, imetoka mwilini mwake, na sasa ilikuwa mali ya kila mwenye mdomo. Alipokuja kuwa fundi, hilo ndilo la kwanza aliloliamua, hata kabla ya kununua cherehani.

Daftari lake la vipimo nalo lilikuwa na mtindo wake. Halikuwa na jina hata moja. Kila mteja alikuwa na ukurasa, na juu ya ukurasa kimebanwa kwa pini kipande cha nguo ya kwanza aliyomshonea. Maua mekundu, huyo ni mke wa muuza vipuri. Mistari ya bluu, huyo ni karani wa posta. Ungeliiba daftari lile ungeambulia namba na matambara, basi. Majina yalikuwa kichwani mwa Bi Futi, na kichwa kile, nakwambia, kilikuwa hakisahau kitambaa.

Ukurasa wa kitambaa cha kijivu ulikuwa wa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa akifundisha hesabu shule ya wasichana, mwanamke mrefu, mjane, wa kusimama wima kama rula, na alikuwa mteja wa Bi Futi kwa miaka ishirini na mmoja. Miaka saba iliyopita alipotea miezi minne. Aliporudi, aliingia nyuma ya pazia, akafungua vifungo vya blauzi bila kusema neno, akamwonyesha. Titi la kushoto halikuwapo.

"Nataka nguo ambayo mtu hatajua," alisema. "Anajua dada yangu, wanajua hospitali, na sasa unajua wewe."

Bi Futi akachukua futi. Wiki nzima alikaa akikata sifongo, akipunguza hapa, akiongeza pale, akishona ndani yake vifuko vya mchanga laini ili sifongo isipande mtu anapoinua mkono kuandika ubaoni, mpaka akapata kitu cha kulala ndani ya bitana kama kilichoota palepale. Tangu hapo kila nguo ya Mwalimu ilishonwa hivyo. Dada yake alifariki baadaye. Shuleni hakuna aliyejua. Na kwenye ukurasa wa kijivu, chini ya namba, paliandikwa: "Kushoto hakuna. Sifongo, unene wa vidole vitatu, mzito chini."

Sasa tuje kwa mkwe. Huyu ni mke wa mwana wa pekee wa Bi Futi, alianza kufanya kazi dukani mwaka juzi, na tusimwonee, binti ni mchapakazi. Mkono wake kwenye vifungo ni mwepesi kuliko wa mama mkwe mwenyewe. Kilichomkosesha raha ni lile daftari. Macho ya Bi Futi yalikuwa yameanza kumchezea, anasoma tatu anaona nane, na mara mbili walikata sketi ikaja kumbana mteja kama soksi.

"Mama," mkwe alikuwa akisema, "Mungu apishe mbali, lakini siku ukiugua mimi nitafanya nini na matambara haya? Nitayaita yajitaje?"

"Nikiugua waambie wasubiri nipone."

Lakini mkwe hakuwa mtu wa kusubiri. Akapata programu ya mafundi kwenye simu, ya bure kabisa. Unaingiza jina la mteja, namba yake ya simu, vipimo vyake, na kuna mahali pa maelezo mengine. Siku ya kukata nguo unabonyeza tu, kila kitu kinakuja kwa herufi kubwa za kusomeka na bibi kizee. Namba za simu mkwe alikuwa nazo, ndiye aliyewapigia wateja nguo zikiwa tayari. Kasoro ilikuwa moja. Programu ilitaka majina, na majina yalikuwa kichwani mwa mama mkwe.

Ikaja alasiri moja ya mvua. Barabara ilikuwa imejaa maji na hakuna mteja aliyethubutu kutoka. Mkwe akapika chai, akaketi na daftari mapajani, simu pembeni, akaanza taratibu.

"Mama, hiki cha zambarau ni cha nani?"

"Unataka cha nini?"

"Nahamishia kwenye simu yangu, ziwe salama. Simu ina neno la siri, hata mume wangu haifungui."

Bi Futi akaiona ile simu akilini mwake kama droo yenye kufuli. Neno la siri, ndani ya mkoba wa mkwe, shida iko wapi? Na yeye, ambaye hata askari asingemtoa neno, akamwaga mtama wote. Kwanza kipande kimoja, kisha kingine, kisha akawa haulizwi tena, anaendelea mwenyewe, kiti kimemtosha, kikombe mkononi. "Hicho cha zambarau ni cha mke wa mwokaji, alikivaa siku ya kuposwa. Hiyo hariri usiivute, ya mkunga hiyo. Hicho cha kijivu cha Mwalimu." Mkwe akawa anashangaa, "Mama, kichwa hicho! Mbona makubwa!" na yeye ndiyo kwanza anaongeza mwendo. Vipande sitini na vinne, hakukosea hata kimoja. Kwa miaka thelathini hakuna aliyekuwa amemwona akifanya hivyo, na sifa ni tamu jamani, tusidanganyane.

Alipomaliza, programu ikamwuliza mkwe swali moja refu, maandishi madogo kama ufuta, na chini yake kitufe cha Kubali. Mkwe akabonyeza Kubali. Ninavyobonyeza mimi, unavyobonyeza wewe.

Wiki tatu zikapita, vioja vikaanza. Mama wa duka la dawa aliingia siku moja anacheka hadi anajishika mlango. Simuni mwake wamemletea tangazo la chai ya kupunguza kiuno, inchi nne kwa mwezi. "Hivi wamejuaje kwamba nne ndizo zinazonitesa?" Siku mbili baadaye akaja mke wa mwokaji, huyu hacheki, ameletewa matangazo ya nguo za kunyonyeshea ilhali ujauzito wenyewe hata mumewe hajamwambia. "Simu hizi zina majini," alisema, na Bi Futi, ambaye alikuwa ameandika kwenye ukurasa wake "acha nafasi tumboni", akaitikia kwamba kweli zina majini. Hakuunganisha. Angeunganishaje? Kwake yeye namba zilikuwa zimelala mkobani.

Jumatatu jioni, baada ya masomo, akaja Mwalimu. Alikuwa ameishika simu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu kilichooza. Hakutaka kiti.

"Ijumaa," alisema, "mwenzangu wa historia aliniomba simu aangalie picha za mahafali. Ujumbe ukaingia akiwa ameishika yeye. Soma."

Bi Futi akavaa miwani akasoma. Mpendwa mteja, je, umeondolewa titi? Tunazo sidiria zenye sifongo kwa vipimo vyako. Upande wako: kushoto.

"Aliusoma kwa sauti?"

"Afadhali angesoma kwa sauti, ningejua la kujibu. Alinirudishia simu, akanishika bega kama mtu anayetoa pole, halafu macho yakamteremka hapa." Mwalimu akajigusa kifuani. "Leo walimu wote wananitazama hapa. Wasichana darasani wananitazama hapa, wanatafuta ni lipi. Miaka saba, Bi Futi. Miaka saba nasimama mbele ya watu kama watu wengine. Ijumaa moja imekwisha."

Akajikaza, sauti yake ya darasani ikarudi.

"Ni hospitali. Kuna karani pale masjala, ndiye mwenye faili langu, mwanamke wa simu mkononi muda wote. Nani mwingine? Dada yangu yuko kaburini. Wewe nakujua. Alhamisi saa nne nakwenda kwa mganga mkuu kumshtaki, afukuzwe kazi na iwe fundisho. Nataka twende wote. Useme kwamba hata wewe, unayenishona kwa mikono yako, hujawahi kulitamka."

Upande wa pili wa chumba, cherehani ya mkwe ilikuwa imenyamaza.

"Saa nne," alisema Bi Futi.

Mwalimu alipotoka tu, mkwe akainuka, uso umemshuka. "Mama. Yale maneno ya kushoto na sifongo. Niliyaandika kwenye maelezo mengine."

"Si ulisema simu ina neno la siri?"

"Simu inalo. Lakini vitu haviko ndani ya simu. Viko kwao, wenye programu. Na niliwakubalia, mama. Kuna mahali waliuliza kama wawape washirika wao, nikakubali bila kusoma."

Bi Futi alifungua mdomo amwage kila alichokuwa nacho. Nani alikutuma? Nani alikuomba? Maneno yalifika ulimini yakakwama, maana jibu lilikuwa linakuja nyuma yake. Nani alitaja majina? Nani aliketi hapa na kikombe akisifiwa? Alikaa kwenye kiti, futi shingoni, masikio yanamchoma kwa aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani sakafu immeze. Mkwe alianza kulia. Bi Futi hakumbembeleza, lakini hakumfokea pia.

Kesho yake asubuhi wakafunga duka wakaenda wote wawili kwenye ofisi ya wenye programu, ghorofa ya pili, juu ya duka la mpiga picha. Walipokelewa na dada mmoja mwenye miwani kichwani, mpole, wa kumwita kila mtu mama hata wa rika lake. Alisikiliza hadi mwisho. Akabonyeza bonyeza, akageuza kioo cha kompyuta wakione: daftari lote limefutwa.

"Na zile mlizowapa watu?" Bi Futi akauliza.

"Hizo mama zinafutwa kwa ombi la mwenye taarifa. Anatuma ujumbe kwa namba yake mwenyewe, anarudishiwa orodha ya wote waliopewa, na kwa kila mmoja anaulizwa kama afutiwe au aachiwe."

"Niandikie hilo ombi, nimwombee mimi. Mimi ndiye niliyempima."

"Haiwezekani, mama. Wewe ulimpima tu. Mwili ni wake."

Bi Futi aliisogeza futi shingoni. Maneno hayo angeweza kuyasema yeye, nyuma ya pazia, miaka thelathini iliyopita, na sasa anaambiwa na binti ambaye angeweza kumzaa yeye.

"Kama mwili ni wake," alisema, "mbona hamkumwuliza kabla ya kuugawa?"

"Mlikubali, mama. Iko hapa, tarehe na saa."

"Aliyekubali ni huyu mkwe wangu. Mwenye mwili alibonyeza wapi?"

Dada yule aliishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akatazama meza. Aliandika hatua za kufuata kwenye kikaratasi, kwa mwandiko mzuri sana, akampa.

Njiani kurudi dukani, mkwe ndiye aliyesema. "Niache nikamwambie mimi. Nitasema daftari nililichukua bila wewe kujua. Akinichukia mimi si hasara, hanijui."

Nani angemlaumu Bi Futi kama angekubali? Au kama angenyamaza tu? Daftari la simuni lilikuwa limefutwa, Mwalimu alikuwa na mtu wake wa kumlaumu, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko hata kushona. Alhamisi angesimama mbele ya mganga mkuu aseme sijawahi kulitamka, na karani wa watu angekusanya vitu vyake. Na titi la Mwalimu lingeendelea kutembea, kutoka duka hadi duka, kwa kuwa wa kulirudisha hajui lilikotokea. Alilifikiria hilo hatua kwa hatua mpaka wakafika mlango wa bluu.

"Wewe uliandika," alimwambia mkwe. "Aliyesema ni mimi."

Jumatano saa kumi alibisha hodi kwa Mwalimu. Ilikuwa sebule ndogo, safi, mezani kuna rundo la madaftari ya wanafunzi na kalamu nyekundu. Mwalimu alidhani amekuja kupanga safari ya kesho, akaenda kumletea maji. Bi Futi hakuyagusa. Alipiga moyo konde akasema yote, bila kupamba na bila kumtaja mkwe kwa ubaya. Mvua, chai, matambara, kitufe, ofisi.

Bi Futi alipomaliza, Mwalimu aliuliza, "Vipande vyote?"

"Vyote."

"Kwa nini?"

Bi Futi angeweza kusema macho, angeweza kusema uzee, simu, mkwe, mvua. "Alinisifu," alisema. "Nikaona raha."

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akaifunika, akaifunua, akaifunika. "Dada yangu siku zake za mwisho alikuwa anaweweseka. Alitaja kila kitu cha nyumbani kwetu mbele ya wageni, madeni ya baba, ugomvi wa mama, mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Hili hakulitaja. Mtu anakufa, akili imeshamtoka, lakini hili akalishika. Na wewe ulikuwa unakunywa chai."

Bi Futi alilia. Hakuna aliyemwambia basi.

Baada ya muda Mwalimu alinyoosha mkono. "Leta hicho kikaratasi."

Alituma ujumbe, wakakaa wakisubiri, kila mmoja anatazama ukuta wake. Orodha ikarudi. Majina kumi na saba. Mwalimu akaanza kuyaita moja moja kama anaita mahudhurio, na kwa kila moja simu ikamwuliza afute au aache. Wauza dawa za nguvu, futa. Wauza nguo za mazoezi, futa. "Kampuni ya bima," alisoma, akatua. "Bima wanataka nini kwangu?" Futa. Alipofika la tisa aliiweka simu mezani.

"Ugonjwa haukuniuliza," alisema, si kwa hasira. "Daktari aliuliza, lakini ningekataaje? Wewe hukuniuliza. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa nataka nini, na anayeniuliza ni hiki kidubwasha."

Akaendelea. Jina la mwisho lilikuwa la wale wenye sidiria. Kidole kikaning'inia.

"Hawa nawaacha," alisema. "Nitahitaji mahali pa kununua, si sina fundi tena."

Hilo ndilo lililomwingia Bi Futi kuliko yote. Aliondoka bila kuyanywa yale maji. Alhamisi Mwalimu hakwenda hospitali, na karani wa masjala mpaka leo hajui alivyoponea chupuchupu.

Walibaki wateja sitini na watatu, na Bi Futi aliwazungukia wote kwa miguu, na kikaratasi chake, akirudia maneno yaleyale. Usidhani walifanana. Mkunga aliomba ukurasa wake, akauchoma palepale jikoni na hariri yake. Mke wa mwokaji alimwambia, "Nilitaka kumwambia mume wangu mwenyewe, siku ninayoitaka mimi," akafunga mlango, na hakurudi tena. Karani wa posta alifuta wote isipokuwa wauza viatu. Mama wa duka la dawa alikataa katakata kufuta. "Waniache na chai yangu, nimeshaagiza pakiti mbili. Mwili wangu wanaujua hadi mbwa wa mtaa huu, nafuta nini?" Bi Futi akatoka pale anacheka bila kutaka. Ndipo ulipoanza mtindo mpya dukani: ukishapimwa, ukurasa unaondoka na wewe. Siku ya kushona unakuja nao. Ukiupoteza, unapimwa upya. Mkwe alinung'unika siku mbili tatu, akazoea. Wengine wanauweka kwenye mkoba wa fedha, wengine ndani ya kitabu cha dini, na mmoja aliuacha sokoni ukafungiwa karanga.

Wa kijivu aliupeleka mkwe kwa Mwalimu, ndani ya bahasha. Mwalimu aliupokea mlangoni, akasema ahsante, basi.

Habari zake walizisikia kwa karani wa posta, ambaye binti yake alikuwa darasa la Mwalimu. Wiki ileile, wasichana walikuwa wakiibiana macho na kunong'ona, Mwalimu akaacha chaki, akageuka. "Ni la kushoto," akawaambia. "Mwenye swali aulize sasa, maana kesho tuna mtihani." Msichana mmoja aliinua mkono akauliza kama inauma. Akajibiwa, siku hizi hapana. Wakaendelea na hesabu.

Miezi mitano ikapita. Bi Futi alikuwa akitazama mlango kila mtu mrefu alipopita nje, halafu akiinamia kazi. Hakutuma salamu. Aliona hana haki hiyo.

Mwalimu alikuja Jumanne asubuhi, ana kitambaa cha rangi ya udongo mkononi, anastaafu, na shule inamwandalia sherehe. Hakusema habari za asubuhi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia, na Bi Futi akamfuata. Mwalimu akatoa ukurasa mkobani, akauweka mezani, akauwekea kidole juu kana kwamba upepo ungeuchukua.

"Sidiria zile za dukani?" Bi Futi akauliza kwa sauti ndogo.

"Zinapanda. Nikiandika ubaoni sifongo inafika begani." Akatikisa kichwa. "Nilidhani wote wanajua sasa, kwa hiyo haitanisumbua."

Bi Futi alishika futi, kisha akaiachia. Miaka saba alikuwa akiweka sifongo kila nguo, bila neno, akidhani ndio wema.

"Gauni hili," alisema, "unataka liwe na sifongo, au bila?"

Mwalimu aligeuka. Alijitazama kiooni, upande mmoja, kisha upande wa pili, kama mtu anayechagua kweli.

"Na sifongo," alisema. "Kujua wameshajua. Lakini nitakavyoonekana siku yangu naamua mimi."

Bi Futi akapima, akaandika kwenye ukurasa ule kwa penseli, akaurudisha. Mwalimu aliangalia namba zote, akaukunja mara mbili, akaufunga mkobani na kuvuta zipu.

"Umenisamehe, Mwalimu?"

"Bado," alisema Mwalimu, akishika pazia kutoka. "Lakini sherehe ni Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa nitapitia nijaribu."